Sauti Iliyopita Nyumbani Bila Mimi

Wifi yangu alinipigia simu saa sita mchana kuniuliza kwa nini nimepita nyumbani bila kuingia.

Nilikuwa dukani kwangu Somanda, nimesimama mbele ya mashine ya fotokopi, nikimtolea mteja nakala za vyeti vyake. Nikamwambia wifi amekosea. Mimi niko Bariadi, sijatoka hata kwenda sokoni.

"Mama amekusikia," akasema. "Umepita barabarani sasa hivi. Anasema umemwita."

"Amenisikia mimi?"

"Wewe. Hata mimi nimekusikia, wifi. Nilikuwa jikoni, nikatoka na mwiko mkononi."

Mteja alinitazama, maana nilikuwa nimeacha kifuniko cha mashine wazi na ule mwanga wake ulikuwa unanipita usoni. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Kwetu mtu akisikika mahali ambapo hayupo, watu hawacheki. Wanauliza kwanza kama ni mzima. Kisha nikakumbuka, nikacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

"Hilo ni gari la matangazo," nikasema. "Ni rekodi. Nilirekodi juma lililopita."

Wifi hakucheka. "Basi mwambie mama mwenyewe. Ameshavaa viatu akupokee."

Wifi huyu ni mke wa kaka yangu. Kaka anafanya biashara ya samaki Lamadi na nyumbani huonekana kwa nadra, kwa hiyo mama aliishi na wifi, wawili tu, katika mji wetu wa zamani, kijijini upande wa Malampaka, umbali ambao ukitulia unasikia treni ikipiga honi stesheni. Mama alikuwa anapoteza macho. Alianza kwa kulalamikia sindano, kwamba tundu limekuwa dogo, halafu akalalamikia njia, halafu nyuso.

Ilikuwa msimu wa kampeni. Mimi ni msomaji kanisani, na watu wamezoea kuniambia nina sauti inayofika. Bwana mmoja mwenye gari la spika alinifuata dukani na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Alikuwa anamfanyia kazi mgombea udiwani wa kata ya kwetu, akawa anatafuta mtu mwenye lafudhi ya huko huko. Nilifunga duka, tukaingia chumba cha nyuma, akanifunika blanketi kichwani pamoja na simu yake ili sauti isirudi kutoka ukutani. Mle ndani kulikuwa na giza na joto na harufu ya pumzi yangu mwenyewe. Yeye alikaa nje ya blanketi akinielekeza.

"Usiseme mgombea anasema. Sema wewe. Sema kama binti wa nyumbani."

Nikasema, "Mama yangu."

"Subiri hapo. Hesabu mpaka nne. Kila mama aliyeko shambani amfikirie mwanawe."

Nikahesabu mpaka nne. "Nimekusikia."

"Subiri tena."

"Kilio chako kimesikika. Sijakusahau. Niko njiani, nakuja. Maji yanakuja. Barabara inakuja. Usiwe na wasiwasi, mimi niko na wewe."

Nilimuuliza, nikiwa bado chini ya blanketi, kama tusiseme ni lini maji yenyewe yanakuja. Akacheka. "Dada, siku ukiitaja wataihesabu. Usipoitaja, kila asubuhi wataamka wakidhani ni leo."

Sikuona ubaya wowote. Kusema kweli nilifurahi. Aliponisikilizisha ile rekodi nilifumba macho kwa raha, kwa sababu sauti ilikuwa nzuri kuliko mimi. Haikuwa na mafua, haikuwa na haraka, haikuwa na mtu inayemchukia.

Jioni ya siku ile aliyonipigia wifi, nilimpigia mama. Nyumbani tunaongea Kisukuma, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

"Kwa hiyo aliyepita si wewe?" akauliza.

"Ni sauti yangu, mama, ila mimi sikuwepo."

"Imesema inakuja."

"Ni tangazo tu."

"Ilikuwa inamwambia nani?"

"Watu wote."

"Imesema mama yangu. Hao wengine wamekuwa mama zako lini?"

Nikacheka. Nikamwambia nina kazi mkononi. Ndipo akasema jambo alilokuwa akilisema kwa muda mrefu, kwamba mbele yake kuna moshi usioondoka, na kwamba siku hizi kuku wake anawajua kwa milio tu. Nikamjibu kwa haraka na kwa upendo, kama nilivyomjibu siku zote:

"Nimekusikia, mama. Nakuja. Usiwe na wasiwasi."

Nikasikia akiihamishia simu sikio lingine.

"Hivyo hivyo," akasema mama taratibu. "Ndivyo ilivyosema." Akakata.

Gari lilipita kila siku, mchana, jua likiwa utosini. Ilikuwa miezi ile ambayo pamba imeshavunwa na miti yake imeng'olewa ikachomwa, mashamba yamebaki wazi, na sauti haina kitu cha kuizuia kutoka upeo mpaka upeo. Wifi aliniambia mama anabeba kigoda chake mwenyewe, anapapasa mpaka mwisho wa ua wa minyaa, anakaa akiitazama barabara asiyoiona.

"Wanaongea, wifi," alininong'oneza siku moja kwenye simu, kama mtu anayeogopa kusikika. "Sikutanii. Lile gari huja polepole kwa sababu ya mashimo. Linasema, Mama yangu. Mama anaitika, Naam. Linasema, Nimekusikia. Mama anauliza, Umesikia nini? Linasema, Kilio chako kimesikika. Mama anauliza, Nani amekisikia? Linasema, Niko njiani, nakuja. Mama anauliza, Lini? Halafu linapita. Anabaki anauliza vumbi."

Nilijua kwa nini mazungumzo yao yalipangika vile. Zile nafasi za kimya nilizihesabu mimi, moja mpaka nne, chini ya blanketi. Sasa mama yangu alikuwa amekaa ndani yake.

Nilimpigia yule bwana wa spika nikamwomba gari lipite njia nyingine. Akasema ratiba si yake. Nikamweleza kuhusu mama, kwamba haoni, kwamba anaitika. Nilitegemea asikitike. Badala yake akasema, kwa furaha ya mtu ambaye kazi yake imekubali, "Dada, si ndicho tulichokitaka? Anaitika!"

Ungedhani nilifunga duka siku hiyo hiyo. Sikufunga. Nilimwambia wifi nitakuja kampeni zikiisha. Wifi akasema, "Sawa," kwa namna ambayo sikuipenda, na sikumuuliza ana maana gani.

Uchaguzi ukapita. Magari yakanyamaza, mabango yakaanza kupauka. Siku ya tano baada ya kura wifi akapiga tena, mchana.

"Gari halipo," akasema. "Barabara nyeupe, hata mbuzi hamna. Na mama yuko pale, anaitika."

"Ni mazoea, wifi. Mtu mzima akizoea kitu."

"Anasema Naam, anasubiri, anauliza, anasubiri. Leo nilisimama nyuma yake. Mbwa alikuwa amelala miguuni pake. Mama alipokuwa kimya, kabla hajaitika, mbwa akainua kichwa, akatazama barabarani, masikio yamesimama." Akavuta pumzi. "Mimi sikusikia kitu, wifi. Lakini mbwa alisikia."

Kesho yake nilipanda gari la asubuhi mpaka Maswa, kisha bodaboda. Mwendesha bodaboda alinishusha njia panda kwa sababu tairi lilikuwa linapungua upepo, nikatembea kipande kilichobaki. Ilikaribia saa sita. Sijui kama umewahi kutembea kwetu saa hiyo, mwezi ule. Hakuna kivuli kwa sababu kivuli kiko chini ya nyayo zako. Ndege wamenyamaza. Unasikia viatu vyako, na ukisimama unasikia viatu vyako vikisimama baadaye kidogo.

Nilimwona mama kabla sijafika. Alikuwa amekaa wima kwenye kigoda, kanga kichwani, uso umeelekea kule kule nilikotoka, kana kwamba nimetanguliwa na taarifa.

Nikamwamkia kwa mbali, kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu."

"Mhola," akajibu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kukaribisha, "Haya, pita."

Nilidhani ananikaribisha ndani. Nikasogea. Hakugeuza uso kunifuata. Uliendelea kuelekea barabarani, mahali nilipokuwa nimesimama mwanzo.

"Mama, ni mimi."

"Najua. Ni wewe kila siku."

"Nimekuja."

"Umesema."

Nikapiga magoti nikamshika mkono. Aliuvuta kwa nguvu, kama mtu aliyeguswa na kitu cha baridi, akauficha chini ya kanga. Wifi alikuwa ametoka jikoni, amesimama mbali. Akasema, "Mama, ni yeye kweli. Namwona." Mama akatikisa kichwa. Hakuwa amechanganyikiwa, nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtulivu kama mtu anayechunguza mbegu kiganjani.

"Kama ni wewe," akasema, "niambie neno ambalo lile gari halijaniambia."

Nikafungua mdomo. Na neno lililotoka, naapa sikulichagua, lilikuwa hili: "Mama, usiwe na wasiwasi, mimi niko na wewe."

Mama akainamisha kichwa. "Ndilo hilo," akasema.

Nikajaribu tena ndani ya kichwa changu kabla ya kusema. Nimekukumbuka. Nilikuwa njiani. Tutakushughulikia. Kila sentensi niliyoishika ilikuwa imeshasemwa, au ingeweza kusemwa na mtu yeyote kwa mama yeyote, huku gari likitembea. Mimi mtu mzima, ninayesoma Neno mbele ya kanisa zima, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mama yangu na sina hata sentensi moja iliyo yangu. Jua lilinichoma kisogoni. Wifi alikuwa ameziba mdomo. Niliogopa, si mama, bali huo utupu, na nikawaza kitu ambacho mpaka leo kikinijia hunitoa jasho: huenda mama yuko sahihi, huenda aliyefika si mimi.

Mwishowe nikasema, "Nimekanyaga kinyesi cha ng'ombe pale kwenye kijito kikavu. Kiatu cha kushoto chote kimeharibika, na hivi viatu ni vipya."

Mama akanisogezea uso. Pua yake ikatanuka, akanusa. Kisha akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu sauti, na mkono ukatoka chini ya kanga ukanitafuta usoni.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema. "Gari halina miguu."

Alasiri hiyo, baada ya kula, mama akataka nimsikilizishe ile rekodi. Nilikuwa nayo kwenye simu. Sikutaka, lakini alisisitiza. Tukakaa ndani, mlango wazi, wifi akichambua dagaa, na mama akanifanya niisimamishe kila sentensi.

Kilio chako kimesikika.

"Nani amekisikia?" akauliza mama.

"Haisemi."

"Kwa hiyo kimesikika kama radi. Radi nayo inasikika. Endelea."

Maji yanakuja.

"Yanakuja yenyewe? Nani anayaleta?"

"Haisemi."

"Sijakusahau, inasema. Mtu hujitetea hivyo akishasahau. Nani alimshtaki?" Akafikiri. "Sauti ni nzuri. Ukiisikiliza unashiba, na ukisimama unakuta hujala. Wewe ulipokuwa unasema hayo, ulikuwa unamfikiria nani?"

Nikafikiria blanketi, joto, hesabu ya nne. "Sikumfikiria mtu."

"Ndiyo maana ilinitisha," akasema mama. "Nilikuwa naisikia na naona hakuna mtu ndani."

Ndipo wifi, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akasema, "Mama, na zile nyingine?"

Mama hakuwa na simu kubwa, alikuwa na kitochi, simu ndogo ya kubonyeza. Siku ambazo sikuwa na nafasi ya kupiga nilimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu ya wifi, naye akamsikilizisha. Wifi hakuwahi kuufuta hata mmoja. Alinawa mikono, akaleta simu, akaanza na wa zamani.

Mama, nimekusikia kuhusu macho. Hilo tunaliangalia. Nakuja.

Mama yangu, usijali, tuko pamoja. Suala lako linafanyiwa kazi.

Mama, sijakusahau. Mambo yakitulia tu, utaniona.

Zilikuwa nyingi. Sauti ilikuwa ile ile niliyoisikia na kuipenda dukani, tamu, isiyo na haraka, na mle chumbani ilipita juu ya vichwa vyetu kama mtu wa nne ambaye hakuna aliyemkaribisha. Katika mojawapo nilisikia nyuma yake mlio wa mashine ya fotokopi ikivuta karatasi, moja, moja, moja. Nilikuwa nikimfariji mama yangu huku nikitoa nakala. Wifi alibonyeza tena, na kwa muda mfupi sikujua kama ninachokisikia ni ujumbe niliomtumia mama au ni tangazo la mgombea. Nilimtazama wifi. Yeye pia alikuwa hajui. Akaangalia kioo cha simu ahakikishe.

"Zima," nikasema.

Mama alisubiri. Hakunisaidia.

"Mama," nikasema, "mwaka juzi uliponiambia kuhusu moshi, nilijua ni jambo la hospitali. Nilijua siku hiyo hiyo. Ningekuja kukuchukua ingebidi nifunge duka, nikae na wewe kwenye foleni, nikulaze kwangu. Sikutaka. Ni mimi niliyechelewa. Hakuna kitu kilichonizuia."

Ilikuwa vigumu kuyasema kwa Kisukuma cha nyumbani, ambacho ndani yake sina maneno laini ya ofisini. Labda ndiyo maana yalitoka.

"Hilo," akasema mama, "hujawahi kulisema popote."

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaondoka."

"Saa kumi na mbili," akarudia, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu mkononi.

Asubuhi tulipokuwa tunatoka, bodaboda mbili zikisubiri, jua ndiyo kwanza linachomoza, tuliisikia. Wote watatu. Ilitoka mbali, ng'ambo ya reli, juu ya mashamba matupu, nyembamba kama uzi: Mama yangu. Kisha kimya. Nikajikuta nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Nimekusikia. Huenda mtu aliinakili kwenye simu yake akawa anaichezea. Huenda gari la spika lilikuwa linapitia njia ile kurudi kwao na mtu hakuzima. Nimeuliza tangu siku hiyo na hakuna anayejua. Bodaboda mmoja alisema hakusikia chochote. Mama alikuwa ameshapanda, ameshika kiuno cha dereva. Midomo yake ilicheza, lakini hakuitika.

Hospitalini daktari alimwangalia kwa muda mrefu kwa tochi yake nyembamba. Alikuwa mtu mkavu, na nimemshukuru kwa ukavu wake. Akasema, "Jicho la kushoto halitaona tena. Lina presha ya macho, na presha imeua mshipa. La kulia lina mtoto wa jicho. Hilo nitalifanyia upasuaji mimi mwenyewe, Jumanne."

Mama akauliza, "Ningekuja mwaka jana?"

Daktari akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Huenda la kushoto tungeliokoa kiasi. Sina uhakika."

Nilihisi sentensi ikipanda kooni, tayari, laini, imeiva: yaliyotokea yametokea. Niliitambua kwa wepesi wake. Haikuwa na mtu ndani. Nikaimeza, na tulipofika nje kwenye benchi nikamwambia mama tena kwamba ni mimi, na safari hii akalia, nami nikalia, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuza nyuso wakatupa nafasi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bendeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa mdomo wangu. Alikaa kwangu Somanda wiki tatu, na kwa wiki hizo tatu, nikiwa naongea, jicho lile moja lilikuwa halitoki kwenye midomo yangu. Nilikuwa nikimpikia uji naongea, nageuka, nakuta ananitazama hivyo. Si kwa ubaya. Lakini usingeweza kusema jambo la ovyo mbele yake.

Redio ilikuwa inaleta hotuba za walioapishwa, na tukafanya mazoea ya kusikiliza pamoja baada ya chakula cha mchana. Mama alisikiliza kama watu wengine wanavyochambua mchele. "Huyu amesema tutahakikisha mara saba," alisema. "Hajasema atashika nini kwa mkono." Au: "Huyu amesema wenzetu wamefanya makosa. Wenzetu akina nani? Anaogopa kuwataja, au ni yeye?" Wakati mwingine alimkubali mtu. Mmoja alisema kisima fulani kimeharibika pampu na fundi ameitwa na hajaja, na mama akasema, "Huyo yupo." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake ya juu.

Nami, nikitoka pale kurudi dukani, nikawa nasikia kila kitu. Mteja akiniambia "tutaonana," nilimuuliza lini. Mwenzangu wa kwaya aliposema kwamba kuna maneno yanasemwa, nikamuuliza nani anayasema, akanuna. Nilimfanyia wifi hivyo hivyo kwenye simu. Aliniambia nyumbani kumepooza tangu mama aondoke, nikamuuliza kimepooza nini hasa, na nikasikia akivuta kamasi. Mama alinipokonya simu akaongea naye mwenyewe, kisha akanigeukia.

"Si kila neno lina siku," akasema. "Salamu ina siku? Pole ina siku? Amekwambia amekukumbuka, wewe unamtaka ushahidi. Sikiliza hivyo watu wanaotaka kitu kwako. Na jisikilize hivyo wewe. Wifi yako mwache."

Nilimpigia wifi nikamwomba radhi. Akasema, "Nilidhani na wewe umekuwa gari."

Mama aliporudi kijijini, mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka. Nilimpeleka mwenyewe. Siku ya pili, mchana, nikamwona anabeba kigoda. Nilimfuata mpaka kwenye minyaa, nikamwuliza anakwenda kufanya nini, gari halipiti tena, na mimi niko hapa.

"Najua uko hapa," akasema. "Nakuona."

"Sasa unamwitikia nani?"

Akakaa, akapanga kanga yake magotini. "Yule mwingine. Bado anapita. Hana mtu wa kumwitikia." Akasema hivyo kama mtu anayezungumzia jirani aliyefiwa. Sikumuuliza zaidi. Nilikaa naye chini, barabara imelowa, hakuna vumbi, na sikusikia kitu. Mbwa alikuwa amekuja pia.

Kaka alipiga simu jioni ile kutoka Lamadi. Kwa muda wote wa hospitali alikuwa akipiga, na kila mara alisema mambo ya mama anayafuatilia kwa karibu.

"Dada, tuko pamoja," akasema. "Mambo yakikaa sawa nakuja."

"Lini?" nikauliza, halafu nikajisikia nilivyouliza.

"Umekuwa hakimu siku hizi? Kila mtu anasema."

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetumia maneno yake yote miaka miwili. Nikayaacha. Upande wake nilisikia malori ya barabara kuu, na upepo wa ziwa ukipiga simu.

"Kaka," nikasema, "unaogopa nini?"

Malori yakaendelea kupita. Nilidhani ameondoka.

"Naogopa atanyoosha mkono kunisalimia aukose wangu," akasema. "Halafu nitasimama pale."

"Anaona kwa jicho moja sasa."

"Hilo moja ndilo naliogopa zaidi."

Nikamwambia mimi nitakuwepo mpaka Jumapili. Akasema Alhamisi hawezi, Ijumaa hawezi, atakuja Jumamosi asubuhi.

Alikuja Jumamosi, lakini mchana. Wifi alikuwa wa kwanza kumwona. Alikuwa amesimama nje ya ua na mfuko wa samaki mkononi, maji ya barafu yakidondoka kwenye viatu vyake, mdomo ukifunguka na kujifunga. Wifi akainuka amwite. Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni akitoa maganda ya karanga, akamzuia kwa mkono.

"Mwache," akasema. "Anatafuta la kusema."